Mji wa Watu Waliofunguliwa: Habari za Masasi, na za Chuma Aliyepita Bondeni

Wasikilizaji wetu wa Ifakara, Kiberege, Mahenge, Malinyi na vijiji vyote vya bonde la Kilombero, leo nataka kuwasimulieni habari za watu waliojenga miji katika nchi hii wasiyokuwa na jamaa ndani yake. Hawakuja kwa mkuki, wala hawakuja kwa kutafuta mashamba. Waliletwa na kamba, kamba ikakatwa, wakaambiwa: Sasa jengeni.

Nimechagua kuanzia hapa bondeni kwa sababu ninyi mwajua vema maana ya kuhama. Wandamba ndio waliotangulia, watu wa mtumbwi na samaki, wanaoujua mto katika masika unapofurika kama ziwa, na katika kiangazi unaporudi njiani mwake na kuacha udongo mweusi wa mpunga. Kisha walishuka Wabena kutoka nyanda za juu, wakakaa mitoni na watema wao. Kisha, yapata miaka ya 1860, walifika Wambunga kutoka kusini, upande wa Songea, baada ya vita na Wangoni. Walikuwa wamejifunza kwa Wangoni namna ya kupanga vikosi na kushika ngao, na kwa elimu hiyo wakaichukua nchi ya Ifakara.

Ukiwauliza watu hawa, ‘Nani aliwapa nchi hii?’, kila mmoja ana jibu. Mndamba atasema ni babu zake, Mbena atamtaja mtema wake na mapatano yake, na Mmbunga wa zamani angaliweza kuuonyesha mkuki tu. Majibu hayo huenda yana kiburi ndani yake, lakini ni majibu. Watu wa habari yangu ya leo hawakuwa na jibu la namna hiyo, na mengi yaliyowapata yalitokana na jambo hilo moja.

Katika mwaka 1879 msafara wa watu wapata 150 ulipita katika bonde hili. Wakati huo hapakuwa na reli, wala daraja, wala kivuko cha injini. Mtu alivuka kwa mtumbwi wa Wandamba na kwa bei aliyoitaka mwenye mtumbwi. Mzungu aliyeuongoza msafara, Keith Johnston, alikuwa amekufa mwezi wa Juni huko Behobeho, na aliyeshika mahali pake ni kijana wa Scotland aitwaye Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, ambaye hajapata kusafiri bara la Afrika. Thomson aliandika kitabu cha safari ile, na humo ameutaja mto wenu kwa jina la Uranga, yaani Ulanga, na watu waliojivika mtindo wa Wangoni aliowaita Wamahenge. Walakini kijana wa miaka 21 hawezi kupitisha watu 150 katika nchi ya vita kwa akili zake peke yake. Aliyewapanga wapagazi, aliyesema na wakubwa wa nchi, aliyejua zawadi ipi itolewe na ipi izuiliwe, ni kiongozi wa msafara, Myao mmoja aitwaye James Chuma. Yeye ndiye atakayetufikisha Masasi, maana miaka mitatu kabla ya kuuona mto Kilombero alikuwa mmoja wa watu waliosaidia kuuanzisha mji ule.

Chuma alizaliwa katika nchi ya Wayao. Alikuwa mtoto bado alipouzwa. Katika mwezi wa Julai 1861, katika milima ya mto Shire, nchi inayoitwa sasa Malawi, msafara wa watumwa 84 ulikutana na Dr. Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie wa Misioni ya Vyuo Vikuu. Wenye watumwa walikimbia. Kamba zikakatwa kwa visu, na miti ya kongwa ikawa kuni za kupikia chakula. Chuma alikuwa mmoja wa hao 84.

Watu wale walipofunguliwa, walikwenda wapi? Kumfungua mtu ni kazi ya dakika chache. Kumpa mahali pa kulala usiku ule, na mwezi ujao, na mwaka ujao, ni kazi nyingine kabisa. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, na wengine walikuwa wadogo mno hata hawakujua kutaja jina la mahali walipozaliwa. Basi Mackenzie akakaa nao mahali paitwapo Magomero, wakajenga vibanda, wakalima. Hicho ndicho kilichokuwa kijiji cha kwanza cha Misioni hiyo cha watu waliofunguliwa. Hakikudumu. Mackenzie alikufa kwa homa mwezi wa Januari 1862, njaa ikaingia, na Askofu Tozer aliyemfuata akaihamisha Misioni Unguja mwaka 1864. Mwaka ule ule Livingstone alimchukua Chuma mpaka Bombay, akamwacha shuleni. Mwaka 1866 akarudi naye Afrika.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, nami nitayapita upesi. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo mwanzo wa mwezi wa Mei 1873, watu wake hawakumwacha. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watu husema kuwa walifanya hivyo kwa upendo. Huenda. Mimi naona pia ya kuwa walikuwa mafundi wa safari, waliojua kulinda mzigo, kuficha mzigo, na kuufikisha. Ufundi huo ndio uliotafutwa na Askofu Edward Steere miaka miwili baadaye.

Unguja wakati huo palikuwa na watu wengi wa hali ya Chuma. Katika mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa. Merikebu za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na waliomo ndani walihitaji mahali pa kuwekwa. Misioni ilikuwa imenunua shamba huko Mbweni, nje ya mji, na hapo wakawekwa watu wazima na wasichana. Wavulana wakapelekwa shule ya Kiungani. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo, Wazaramo, na wengine wa makabila ya mbali. Mtu na jirani yake hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili, nacho wamejifunza njiani au jahazini. Nawaombeni mlikumbuke jambo hilo.

Mbweni ilijaa. Tena Steere aliona si haki watu wa bara kukaa kisiwani maisha yao yote, wakifanya vibarua katika mashamba ya mikarafuu. Akaazimu kuwarudisha kwao, au karibu na kwao, upande wa ziwa Nyasa. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, mji wa mkuu wa Wayao aitwaye Mataka, ili kuitazama njia. Mwezi wa Oktoba 1876 akaondoka Unguja na watu wapata hamsini, waume kwa wake, wote wamejitolea wenyewe, pamoja na wapagazi, na Chuma akiwa msaidizi wake mkubwa katika mambo ya msafara. Wakashuka Lindi, wakaingia bara.

Hawakufika Nyasa. Baada ya mwendo wa kilomita 140 hivi walifika mahali penye milima ya mawe iliyochomoza peke yake katika nchi tambarare, penye maji na udongo mwema. Habari za mbele zilikuwa mbaya, habari za njaa. Nao watu wenyewe walisema: Hapa pafaa, hapa ni kama kwetu. Steere akakubali. Mahali hapo ndipo Masasi.

Natamani mwone ukubwa wa neno lile, ‘hapa ni kama kwetu’. Katika hao hamsini wachache sana wangaliweza kuonyesha kaburi la babu huko Masasi. Walichokiona ni mfano tu: miti waliyoijua, aina ya nyasi, namna mvua inavyonusa ikija. Mtu aliyechukuliwa akiwa na miaka saba huenda hana zaidi ya hayo. Basi wakapimiwa viwanja, njia ikanyoshwa katikati, nyumba zikasimamishwa za miti na udongo, na kabla mvua hazijawa kubwa mtama na mahindi yakawa ardhini. Steere akarudi Unguja, akamwacha Padre W. P. Johnson. Mwaka uliofuata akaja Padre Chauncy Maples.

Mji ule ulistawi upesi kuliko walivyotazamia. Wayao, Wamakua na Wamwera wa karibu walikuja kutazama, kisha kuuza chakula, kisha kujenga kando yake. Watu wa Masasi walikuwa na ufundi ulioadimika bara: useremala, kushona, kujenga kwa mawe, na wengine kusoma na kuandika. Wake kwa waume walilima. Ndoa nyingi zilikuwa zimefungwa Unguja kabla ya safari, na nyingine zilifungwa na mapadre kwa watu waliojuana siku chache tu, bila mjomba wa kuulizwa wala mahari ya kupokewa na mtu. Katika desturi zetu, harusi isiyo na mjomba ni kama nyumba isiyo na nguzo ya katikati. Hata hivyo watu wale waliikalia nyumba hiyo, wakazaa, na watoto wao wakawa na wajomba.

Shida ilikuwa katika kutawala. Kila mji wa bara wakati huo ulikuwa na jumbe, na jumbe alikuwa na wazee wake, na wazee walikuwa na sheria zilizojulikana. Mji wa watu hamsini wa makabila kumi ungalimchagua jumbe wa ukoo gani? Kwa hiyo kila shauri lilimwendea padre. Mbuzi aliyekula shamba la mtu, mume aliyempiga mke, deni, wizi, mtoro kutoka kwa bwana wa karibu aliyekimbilia mjini, yote yalitua mlangoni pake. Padre aliyekuja kufundisha akawa hakimu, na watu waliofunguliwa wakawa tena watu wa bwana fulani machoni pa majirani. Wakubwa wa nchi hawakuona ajabu. Kwao Maples alikuwa mkuu mmoja katika wakuu, mwenye watu wake, kama Matola wa Newala alivyokuwa na wake. Naye mkuu hupimwa kwa jambo moja: je, aweza kuwalinda watu wake siku ya vita?

Siku hiyo ilikuja mwaka 1882. Mwaka huo ulikuwa mzito kwa wote niliowataja. Mwezi wa Agosti Steere alikufa Unguja. Mwaka huo huo Chuma naye alikufa Unguja, hajafika bado umri wa uzee. Na katika mwezi wa Septemba Magwangwara walishuka juu ya Masasi.

Magwangwara ni jina walilopewa na watu wa pwani Wangoni wa upande wa Songea. Mtaona jinsi habari zinavyozunguka. Ni hao hao ambao Wambunga waligombana nao kabla ya kuja bondeni. Mwaka 1879 Chuma alikuwa amewapitia Wambunga kwa salama, akawapa zawadi zao, akavuka mto akaenda zake kuelekea Uhehe. Miaka mitatu baadaye wale waliowafukuza Wambunga waliuchoma moto mji aliosaidia kuujenga. Masasi haikuwa na boma wala bunduki za kutosha. Maples aliona ya kuwa kupigana ni kuwaua watu wote. Wengi walikimbilia milimani kwenye mawe, nyumba zikateketea, baadhi wakauawa, na makumi wakachukuliwa mateka.

Makumi hayo yalikuwa ya watu waliokwisha kufungwa kamba mara moja katika maisha yao. Padre mwingine, W. C. Porter, aliwafuata mpaka nchi ya Wangoni ili kuwakomboa kwa nguo na zawadi, na baadhi walirudi. Wengine hawakurudi. Huenda wapo leo wazee katika upande wa Songea ambao bibi wa bibi zao alizaliwa kwa Wamakua, akauzwa pwani, akafunguliwa baharini, akaolewa Mbweni, akalima Masasi, kisha akawa Mngoni.

Baada ya hayo Misioni ilibadili njia yake. Maples alihamia Newala kwa Matola, akakaa chini ya mkuu mwenye nchi yake, akafundisha watu wa mkuu huyo katika vijiji vyao. Miji ya namna ya Masasi ya kwanza, ambamo padre ni jumbe, haikupendwa tena. Mimi naona uamuzi huo ulikuwa sawa. Lakini haukuwa na hasara kwa mapadre kama ulivyokuwa nayo kwa watu waliofunguliwa. Padre alipohama alikuwa na Misioni nyuma yake. Mtu wa Masasi alikuwa na jembe lake na majivu ya nyumba yake, na hata hivyo wengi walirudi wakajenga tena mahali pale pale. Porter alikaa nao miaka mingi, na Masasi ikainuka.

Wakati huo walikuwa wameanza kutoka kwao watu wa namna nyingine. Mwaka 1864 Sultani Majid alikuwa amempa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879, wa kwanza kati ya Waafrika wa Misioni hiyo, akahudumu Unguja na bara. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, alilelewa Kiungani, akamwoa Lucy Magombeani aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1886 alikwenda na jamaa yake kukaa Chitangali, katika nchi ya Wayao, kwa mkuu Barnaba Nakaam. Mwaka 1890 akapata upadre, Mwafrika wa kwanza wa Misioni ile kuupata. Huko Chitangali hapakuwa na Mzungu wa kumwelekeza. Alijenga shule na kanisa, akaamua mashauri, akaandika barua zake kwa askofu. Mtoto aliyetolewa kwa Wayao kwa kamba alirudi kwa Wayao na kitabu, akakaa nao zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1897 akarudi Unguja.

Tena watu hawa ndio waliokibeba Kiswahili kusini mwa nchi. Nilisema tuukumbuke mji usio na lugha ya kabila. Mtoto wa Masasi alizaliwa katika nyumba ambayo baba ni Mnyasa na mama ni Mmakua, na wote wawili walisema naye Kiswahili. Mtoto huyo alipofanywa mwalimu kijijini, alifundisha kwa lugha aliyonyonya. Katika matbaa ya Misioni Unguja wavulana waliofunguliwa walipanga herufi za vitabu vya Steere kwa mikono yao: sala, hadithi, Maandiko. Chuo chao cha Kiungani kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925, na waalimu wake wakaenea katika nchi. Kiswahili cha vitabu tulichosomea shuleni kilipita kwanza katika vidole vya watoto waliotolewa jahazini. Watu wa pwani walikuwa nacho tangu kale, na fahari ya mashairi ni yao. Lakini Kiswahili kuwa lugha ya mtu asiye na pwani, hiyo ni kazi ya hawa.

Masasi iliungua mara ya pili. Mwishoni mwa Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Misioni ilichomwa, Wazungu wakakimbilia pwani. Kwenu huku siku zilikuwa zile zile: tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge, na Mtema Kiwanga wa Wabena, aliyekuwa upande wa Wadachi, alikufa katika vita hivyo. Katika Masasi watu wa mji walijikuta tena katikati: wapiganaji waliwahesabu kuwa watu wa Wazungu, na Wadachi waliwahesabu kuwa watu weusi kama wengine. Wakajenga tena.

Sasa turudi katika swali la ardhi, maana Masasi haikuwa peke yake. Wasafiri wa bonde hili wanaokwenda Dar es Salaam hupita Morogoro, na huko pia palikuwa na miji ya namna hiyo. Kisabengo, Mzigua, aliwakusanya watoro akawafanya watu wake, akajenga mji wenye ukuta wa mawe, ambao binti yake Simbamwene aliutawala baada yake. Hao walikuwa na jibu: nchi yetu ni ukuta wetu. Kisha wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu. Tangu mwaka 1868 walikuwa Bagamoyo na watoto waliokombolewa katika soko la Unguja; watoto walipokua na kuoana walipewa nyumba na kiwanja, wakafanya kazi ya Misioni siku nyingi za juma, na siku zilizobaki wakalima vyao. Kutoka Bagamoyo jozi za vijana walioana zilipelekwa kuanzisha Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882. Minazi na miembe ya Bagamoyo iliyosifiwa na kila msafiri ilipandwa na mikono yao. Lakini mti ulikuwa wa Misioni, na aliyechoka na sheria za Misioni aliondoka mikono mitupu. Si wachache walioondoka.

Mombasa habari zilikuwa kubwa zaidi. Huko Misioni nyingine ya Kiingereza ilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mwaka 1875 Padre W. S. Price akaanzisha mji ukaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyeletwa kumbembeleza Sultani aifunge biashara ya watumwa. Wasimamizi wa kwanza wa watu walikuwa Waafrika waliosomeshwa India, katika shule ya Nasik, wakaitwa ‘Wabombay’: akina William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuwa wahunzi, maseremala, waalimu. Merikebu zilileta mamia. Kengele kubwa ikajengewa mnara, ili ipigwe wenye watumwa wakija kuwateka watu tena. Na huko Rabai, karibu, watoro walizidi kuja hata wenye watumwa wakatishia vita. Shauri likaisha tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza ilipowalipa wenye watumwa, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Cheti cha uhuru ni karatasi njema. Lakini hakikuwa cheti cha shamba. Ardhi ya Freretown ilikuwa ya Misioni, na waliojenga juu yake walikaa kwa idhini. Walipigiwa kengele ya kazi na kengele ya sala. Mwaka 1881 palifanywa uchunguzi juu ya viboko walivyopigwa na msimamizi wa mji. Wabombay wenyewe, waliosoma kuliko Wazungu wengine waliotumwa kuwasimamia, walilipwa kidogo na kusemeshwa kama watoto, na baadhi yao wakaondoka kutafuta kazi nyingine. Koloni la Kenya lilipokuja na hati zake za ardhi, aliyekuwa na jina la kabila aliweza kusema ‘nchi yetu’, hata kama hakusikilizwa. Mtu wa Freretown alisema Kiswahili, alivaa kanzu au suruali, alijua kusoma, na aliulizwa, ‘Wewe kwenu wapi?’ James Mbotela, mtoto wa mji huo, aliandika habari za wazazi wake katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934, na wengi wenu huenda mmekisoma shuleni.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, Mombasa, alikufa mzee Matthew Wellington. Alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani mtoto, akafunguliwa baharini, akasomeshwa Nasik, akawa mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone pamoja na Chuma, na huhesabiwa kuwa wa mwisho wao. Baadaye alifanya kazi za serikali Mombasa miaka mingi. Kati ya siku alipokamatwa na siku alipozikwa zilipita enzi za masultani, za Kampuni, na za Koloni, na katika zote yeye alikuwa mkaaji aliyepewa ruhusa.

Mnara wa kengele ya Freretown ungali umesimama njia panda ya kwenda Nyali. Mahali hapo watu hupaita Kengeleni, na makondakta wa magari hulitaja jina hilo kutwa nzima wakiita abiria.